Kamera, Lenzi na Vifaa Vyake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayepiga picha kwa kupenda, si kwa ajira. Ni mwalimu anayepiga picha za mahafali, kijana anayetaka kupiga ndege wa ziwani, mama anayeweka kumbukumbu za harusi za ukoo, au mchimbaji mdogo wa Buhemba ambaye Jumapili huacha sururu na kushika kamera. Watu wa namna hii wanaongezeka katika Wilaya ya Butiama na wilaya jirani za Musoma na Bunda. Wengi wao hununua kamera mara moja tu kwa miaka mingi, kwa fedha iliyodundulizwa kwa muda mrefu. Kosa moja la ununuzi huondoka na akiba ya misimu miwili ya mavuno.

Mlaji wa Buhemba ana ugumu ambao mkazi wa jiji hana. Maduka yenye uchaguzi mpana wa kamera yako mbali: Mwanza, Arusha, Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, mara nyingi hununua kitu asichokishika mkononi, kutoka kwa mtu asiyemfahamu, na kukipokea kikiwa kifurushi kwenye basi. Anayenunua katika hali hiyo hana budi kuwa na maarifa zaidi ya yule anayeweza kurudi dukani kesho yake asubuhi.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza: kutambua kifaa kinacholingana na mahitaji yake, kulinganisha lenzi bila kutegemea maneno ya muuzaji, kukagua kifaa kilichotumika, na kuzifahamu haki zake pale mambo yanapokwenda kombo.

1. Anza na kazi, usianze na jina la kamera

Swali la kwanza si “kamera ipi ni nzuri?” bali “nitapiga nini, wapi, na katika mwanga gani?” Majibu yake hutenganisha mahitaji ya wapiga picha kama ifuatavyo.

Anayepiga picha za sherehe ndani ya kanisa, msikiti au ukumbi wa kijiji anahitaji lenzi inayopokea mwanga mwingi. Anayependa wanyama na ndege, iwe ni furukombe na mnandi wa Ziwa Victoria au wanyama wa Serengeti wanaofikika kupitia lango la Ndabaka kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, anahitaji lenzi ndefu ya kuvuta vilivyo mbali. Anayepiga mandhari, vilima na majabali ya Butiama anahitaji lenzi pana na stendi imara. Anayepiga picha za familia tu kwa ajili ya kutumiana kwa simu, huenda simu aliyo nayo inamtosha, na ushauri wa kweli kwake ni kutonunua chochote kwa sasa.

Andika majibu yako kwenye karatasi kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Karatasi hiyo itakukinga na ushawishi wa dukani, kwa kuwa muuzaji huuza alichonacho, nawe umefuata unachokihitaji.

2. Bodi ya kamera: namba za tangazo na namba za kazi

Matangazo mengi huanza na megapikseli. Namba hiyo ina maana, lakini ina kikomo. Picha ya megapikseli 24 huwa na nukta takribani 6,000 kwa 4,000. Ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, hutoa picha ya karibu sentimita 50 kwa 34, yaani kubwa kuliko picha nyingi zinazotundikwa sebuleni. Megapikseli 12 zinatoa picha ya karibu sentimita 34 kwa 25. Kwa mtu anayechapisha picha za albamu, tofauti kati ya megapikseli 24 na 45 haitaonekana kabisa.

Linalofaa kutazamwa zaidi ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kihisi kamili kina milimita 36 kwa 24. Kihisi cha APS-C, kinachopatikana katika kamera nyingi za kuanzia, kina takribani milimita 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni kidogo zaidi ya hapo. Kihisi cha simu ni kidogo mara nyingi kuliko hivyo. Kihisi kikubwa hustahimili mwanga hafifu vizuri zaidi, lakini kamera na lenzi zake huwa ghali na nzito. Kwa anayeanza, APS-C ni uwiano mzuri kati ya bei, uzito na ubora.

Jihadhari na kamera zisizo na jina linalofahamika, zinazotangaza megapikseli nyingi na video ya 4K kwa bei ya kutupa. Baadhi yake zina kihisi kidogo chenye uwezo mdogo, kisha programu ya ndani huinyoosha picha ili namba iwe kubwa. Namba kwenye boksi inakuwa kubwa, lakini picha inabaki na ukungu. Kinga yake ni rahisi: omba faili halisi la picha iliyopigwa na kamera ile ile, lifungue kwenye kompyuta, kisha litazame katika ukubwa wake kamili.

Mlaji pia atakutana na aina mbili za kamera za kubadilisha lenzi: za kioo, zijulikanazo kama DSLR, na zisizo na kioo. Kampuni kubwa zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo. Canon na Nikon zote zilizindua mifumo mipya ya aina hiyo mwaka 2018. Kwa sababu hiyo, kamera za kioo zilizotumika zimejaa sokoni, nazo bado hupiga picha nzuri. Kwa mwenye fedha kidogo hii ni fursa, mradi aelewe kwamba lenzi mpya za mfumo huo zitaendelea kuadimika.

3. Lenzi: sehemu inayostahili fedha zaidi

Bodi za kamera huchakaa na kupitwa na wakati. Lenzi njema ikitunzwa hudumu miaka mingi na huweza kuhamishiwa kwenye bodi nyingine. Kabla ya kulipia lenzi, hakikisha mambo matatu.

*(a) Je, inaingia kwenye kamera yako?* Kampuni nyingi zina aina zao za mdomo wa kufungia lenzi. Lenzi ya Nikon haifungi kwenye Canon. Aidha, ndani ya kampuni moja kuna mitego. Lenzi za Canon zenye alama EF-S hazifungi kwenye kamera za Canon za kioo zenye kihisi kamili. Lenzi za RF hazifungi kwenye kamera yoyote ya kioo, ingawa lenzi za zamani za EF hufungwa kwenye kamera mpya kwa kutumia adapta. Kwa Nikon, kamera za kuanzia za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Ukiziwekea lenzi ya zamani isiyo na mota yake, kama ile ya 50mm f/1.8D, lenzi itaingia na kupiga, lakini utalazimika kuizungusha kwa mkono ili kupata picha kali. Muuzaji anaweza kusema “inaingia” na akawa amesema kweli. Swali sahihi ni: “Inaingia, inafokasi yenyewe, na inabadili uwazi wake ikiwa kwenye kamera hii?”

*(b) Urefu wake ni upi?* Urefu wa lenzi hupimwa kwa milimita. Namba ndogo, kama 18, huonyesha eneo pana. Namba kubwa, kama 300, huvuta kilicho mbali. Kamera yenye kihisi cha APS-C hukata pembeni mwa picha, hivyo lenzi ya milimita 300 huonyesha eneo sawa na ambalo lenzi ya 450 ingeonyesha kwenye kihisi kamili (300 × 1.5). Kwa mpiga ndege hiyo ni faida. Kwa mpiga mandhari ni hasara, kwa kuwa lenzi ya 18 humpa upana wa 27 tu.

Lenzi ndefu hudai mkono uliotulia. Kanuni ya kale ya wapiga picha husema kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu huo uliozidishwa: kwa mfano wetu, sekunde 1/450, ambayo kwa vitendo ni 1/500. Ikiwa mwanga hautoshi kwa kasi hiyo, utahitaji stendi au lenzi yenye kizuia mtikisiko. Mtambo huo hutambuliwa kwa herufi IS kwa Canon, VR kwa Nikon na OSS kwa Sony. Lenzi mbili zenye urefu sawa zinaweza kutofautiana sana bei kwa sababu ya herufi hizo. Usilipe bei ya yenye kizuia mtikisiko kwa lenzi isiyo nacho. Kumbuka vilevile kwamba mtambo huo hutuliza mkono wako tu. Hauwezi kumtuliza nyumbu anayekimbia.

*(c) Uwazi wake ni mkubwa kiasi gani?* Uwazi huandikwa kwa herufi f na namba, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa namba ndogo ndiyo yenye uwazi mkubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa ya ile ya f/5.6.

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za kuanzia ni ya 18–55mm yenye f/3.5–5.6. Nje, mchana, inatosha sana. Ndani ya ukumbi wenye balbu mbili haitoshi. Badala ya kuuza kamera na kununua nyingine ya gharama kubwa, mpiga picha wa sherehe hupata nafuu zaidi akiongeza lenzi moja ya 50mm au 35mm yenye f/1.8. Lenzi hizo ni ndogo, nyepesi, na kwa kawaida ni miongoni mwa za bei ya chini katika kila mfumo.

Lenzi moja inayodai kufanya kila kitu, mathalani 18–300mm, ina urahisi wa safari na hupunguza vumbi linaloingia wakati wa kubadilisha lenzi. Hata hivyo, huwa nzito, na uwazi wake ni mdogo inapovutwa hadi mwisho. Si udanganyifu wa muuzaji. Ni maafikiano ambayo mlaji anapaswa kuyajua kabla ya kulipa.

4. Vifaa vidogo vinavyoleta hasara kubwa

*Kadi ya kumbukumbu.* Hiki ni kifaa kinachoghushiwa sana. Kadi bandia huandikwa 128GB nje, na hata ikiwekwa kwenye kompyuta huonyesha 128GB, ilhali uwezo wake halisi ni mdogo sana. Inapojaa, picha mpya hupotea au huharibika bila taarifa. Mpiga picha huligundua jambo hilo baada ya harusi kwisha na wageni kuondoka. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza kadi data kisha huisoma tena na kutoa ukweli. Zingatia kuwa jaribio hilo linahitaji kadi tupu, hivyo lifanye siku unayoinunua, kabla haijabeba kumbukumbu ya mtu.

Soma pia alama zake. Kadi za SDHC ni zile za zaidi ya 2GB hadi 32GB. Za SDXC huzidi 32GB, na kamera za zamani huenda zisizisome. Alama V30 au U3 humaanisha kadi inahakikisha kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, kiwango kinachotosha video nyingi za 4K. Kwa picha za kawaida, kadi mbili za 32GB ni salama kuliko moja ya 64GB, kwani moja ikiharibika nusu ya kazi yako imebaki.

*Betri na chaja.* Betri bandia hukosa saketi ya kuzuia joto na kujaa kupita kiasi. Hufura, hukwama ndani ya kamera, na huweza kuwaka. Betri zisizo za kampuni ya kamera si zote mbaya, lakini ziwe na jina la mtengenezaji, anwani na vipimo vinavyoeleweka. Betri inayotangaza uwezo mara mbili ya ile halisi, ikiwa na ukubwa ule ule, inapaswa kutiliwa shaka. Chaja iwe ya volti 230, na isiachwe kwenye soketi usiku mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Anayetumia umeme wa jua achaji betri zote mchana, siku moja kabla ya shughuli.

*Stendi ya miguu mitatu.* Tazama uzito inaoweza kubeba, usitazame urefu pekee. Jumlisha bodi na lenzi yako nzito zaidi, kisha tafuta stendi inayobeba angalau mara mbili ya uzito huo. Stendi ya plastiki inayoyumba kwa upepo wa ziwani ni hatari kwa kamera iliyo juu yake.

*Filta.* Filta ya UV yenye kioo hafifu hupunguza ubora wa lenzi njema. Ikiwa unaihitaji kama kinga dhidi ya vumbi, chagua yenye ubora, na uivue unapopiga ukielekea kwenye taa. Kikinga jua cha mbele ya lenzi hulinda dhidi ya kugongwa na huboresha picha. Usielekeze kamera ya kioo kwenye jua na kulitazama kupitia lenzi; jicho linaweza kupata madhara ya kudumu.

*Flashi.* Flashi za zamani sana zinaweza kupeleka volti kubwa kwenye kamera ya kisasa na kuunguza saketi yake. Usiweke flashi ya kurithi juu ya kamera mpya kabla fundi hajaipima.

5. Kukagua kamera na lenzi zilizotumika

Nenda na kadi yako, betri iliyojaa kama unayo, na tochi. Kisha fuata hatua hizi bila haraka.

1. Linganisha namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera na ile ya kwenye boksi na risiti. Namba iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka.
2. Washa, piga picha kadhaa kwa kasi tofauti, na usikilize shata. Kamera nyingi za kioo za kuanzia hutangazwa kuwa na shata ya takribani mipigo 100,000. Kamera za Nikon huandika idadi ya mipigo ndani ya faili la picha. Kwa nyingine, fundi anaweza kuisoma.
3. Weka uwazi wa f/16 na upige ukuta mweupe au anga tupu. Madoa meusi yanayobaki mahali pamoja katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi, ambalo husafishika, au ni mkwaruzo, ambao hausafishiki.
4. Funika lenzi na upige kwa sekunde kadhaa. Nukta zenye rangi kali zinaonyesha pikseli zenye hitilafu.
5. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma na uitazame kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Chembe chache za vumbi si tatizo. Kuvu ni tatizo, kwani hula tabaka la juu la kioo.
6. Zungusha pete zote. Zisikwaruze wala kulegea. Majani ya uwazi yawe makavu, yasiwe na mafuta.
7. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi. Lenzi inayosita mara mbili leo itakwama mwezi ujao.
8. Jaribu kila kitufe, skrini, sehemu ya flashi, na milango ya kadi na betri.

Ukaguzi huu una uzito wa kisheria pia. Chini ya sheria ya uuzaji wa bidhaa, mnunuzi aliyeikagua bidhaa kabla ya kununua hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuibaini. Kwa hiyo, kukagua nusunusu kunaweza kukuumiza kuliko unavyodhani. Ukiona kasoro, itaje, ipunguziwe bei au irekebishwe, na iandikwe kwenye risiti.

Unaponunua kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho, namba ya kamera, bei, tarehe na sahihi, mbele ya mashahidi au kiongozi wa serikali ya kijiji. Kamera ikithibitika kuwa ya wizi, mwenye mali ana haki ya kuichukua hata kama ulilipa bei kamili, na hati hiyo itasaidia kuonyesha kuwa ulinunua kwa nia njema.

6. Kununua kwa mbali

Watanzania wengi wamekwisha kupokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii.” Utapeli wa kamera hutumia njia iyo hiyo kwa mavazi mengine: picha nzuri, bei ya chini kupita kawaida, na haraka isiyo na sababu. Zingatia yafuatayo.

Omba video fupi ya kifaa chenyewe kikiwaka, ikionyesha namba yake na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Picha zilizonakiliwa mtandaoni haziwezi kufanya hivyo. Muuzaji wa mtandaoni anapaswa kujitambulisha kwa jina, anwani na bei kamili ya bidhaa. Asiyetaka kufanya hivyo hastahili fedha yako. Lipa kwa namba ya biashara inayoonyesha jina la duka, na hakikisha jina hilo linalingana na lililo kwenye risiti. Inapowezekana, mtumie ndugu aliye katika mji huo akague na kulipa. Kifurushi kikija kwa basi, kifungue mbele ya wakala huku mtu akichukua video. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma huripotiwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Anayenunua Nairobi na kupitia Sirari atangaze bidhaa yake forodhani na kutunza nyaraka. Aidha, aulize kama waranti inatambuliwa hapa nchini. Kamera iliyoingizwa nje ya njia ya mwakilishi rasmi inaweza kuwa halisi kabisa na bado ikakosa huduma ya waranti. Waranti ya duka na waranti ya mtengenezaji ni vitu viwili tofauti. Uliza unapewa ipi, kwa muda gani, na inatekelezwa wapi.

7. Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kuuza bidhaa iliyotumika kwa madai kuwa ni mpya. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa bandia. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa anawajibika iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa kazi ambayo mlaji alimweleza. Ndiyo maana ile karatasi ya sehemu ya kwanza ina thamani: ukimweleza muuzaji kwa maandishi kwamba unahitaji lenzi ya kufokasi yenyewe kwenye kamera yako, naye akakuuzia isiyoweza, una hoja madhubuti. Kinga hii ni pungufu unaponunua kwa mtu binafsi asiyefanya biashara.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kila unaponunua dukani. Risiti huthibitisha nani aliuza, lini na kwa bei gani. Pasipo hayo, malalamiko hubaki kuwa neno lako dhidi ya lake. Kasoro ikijitokeza, acha kukitumia kifaa, mjulishe muuzaji mapema kwa maandishi, usikifungue wala kukipeleka kwa fundi mwingine, na eleza unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Asipotekeleza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani ukiambatisha risiti, mawasiliano na picha za kasoro.

8. Kutunza na kutumia kwa kuheshimu

Mazingira ya Buhemba yana maadui wawili wa kamera. Wa kwanza ni vumbi la barabara na la karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Vumbi la mawe ni gumu kuliko vumbi la kawaida, na likisuguliwa kwa kitambaa huchora kioo. Lipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini, na kitambaa cha lenzi kiwe cha mwisho. Usibadilishe lenzi karibu na karasha, na unapobadilisha popote, elekeza mdomo wa kamera chini.

Adui wa pili ni unyevu wa ziwani na wa majira ya mvua. Kuvu hustawi mahali penye giza na unyevu uliozidi takribani asilimia 60 kwa muda mrefu. Mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini ni makazi yake. Chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, chenye vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, ni kinga ya gharama ndogo na yenye manufaa makubwa.

Mwisho, kumiliki kamera hakuondoi wajibu. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hairushwi ndani ya hifadhi ya taifa bila ruhusa mahsusi. Maeneo ya ulinzi hayapigwi picha. Watu huombwa ridhaa, hasa watoto, wagonjwa na waombolezaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa faragha nguvu zaidi.

9. Mfano wa kugawa bajeti

Tuseme mwalimu wa sekondari amekusanya shilingi 1,500,000. Anataka kupiga mahafali na ibada, na mara chache ndege wa ziwani. Akinunua bodi mpya kwa fedha yote, atabaki na lenzi moja isiyofaa ukumbini, bila kadi ya akiba. Mgawanyo wenye busara zaidi ni huu: nusu, yaani 750,000, kwa bodi iliyotumika na iliyokaguliwa pamoja na lenzi yake ya kawaida, 400,000 kwa lenzi ya f/1.8, 200,000 kwa kadi mbili, betri ya pili na chombo cha kuhifadhia, na 150,000 zibaki kwa usafiri wa kwenda kukagua na matengenezo ya baadaye. Lenzi ndefu ya ndege isubiri. Bei za sokoni hubadilika, lakini uwiano huo unasimama.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji anakuambia lenzi “inaingia” kwenye kamera yako. Utamuuliza maswali gani zaidi?
2. Kati ya f/1.8 na f/5.6, ipi inafaa kwa ibada ya jioni, na kwa nini?
3. Kadi mpya inaonyesha 128GB kwenye kompyuta. Je, huo ni uthibitisho wa kutosha? Eleza.
4. Umegundua kuvu ndani ya lenzi wiki moja baada ya kuinunua dukani, na hukuimulika kwa tochi siku ya kununua. Hoja yako kisheria ina nguvu na udhaifu gani?
5. Andika kwa sentensi mbili kazi utakayoifanya kwa kamera. Zisome tena kabla ya kutoa fedha mfukoni.